Mgeni Siku Mbili: Historia Fupi ya Wageni wa Delta Yetu



Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaitamka methali hii kwa utani, mgeni anapokaa hadi mchele ukapungua. Lakini ndani yake mna sheria nzima ya ukarimu wa pwani. Mgeni hupewa heshima kwanza, kisha hupewa kazi. Akishashika jembe amekuwa mtu wa nyumba ile: ana haki ya kula na ana wajibu wa kulima.

Chama chetu kiliponiomba makala ya historia kwa ajili ya kijitabu cha mwaka huu, niliona nipime wageni wa delta kwa methali hiyo. Nani walikuja, walichukua nini, na nani kati yao alipewa jembe? Swali hili linatuhusu sasa kwa sababu wageni wanaongezeka. Barabara ya lami inapita Kibiti, gati jipya liko Nyamisati, na kila wiki watu wanashuka kwetu wakielekea Mafia bila kujua wamepita mlangoni kwa nani.

Nyumba yenyewe

Tuanze na nyumba kabla ya wageni. Mto Rufiji hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu kutoka bonde la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji hayo huja na udongo wa mikoa mingine, na karibu na bahari hugawanyika katika mikondo ambayo manahodha wetu wanaijua kwa majina: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala. Pale maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi umeota msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000. Hiyo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na msitu huu hutajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mtu wa mjini husema "mikoko" akadhani ni mti mmoja. Mtu wa delta anatofautisha. Kuna mkoko wenye magongo, mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti kisha hudondoka topeni tayari ni mche. Kuna mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi na msikundazi, kila mmoja na kazi yake na kimo chake cha maji. Katikati ya mizizi hiyo kamba hukua kabla ya kwenda baharini, na ndiyo maana sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa nchini hutoka katika maji yetu. Nyuma ya mikoko ndiko yaliko mashamba ya mpunga na madungu ambamo babu zetu walilala wakilinda mazao. Nyumba hii haikuwa pori tupu wakati wowote ambao historia inaujua.

Wageni wa kaskazi na kusi

Wageni wa kwanza walikuja na upepo. Kitabu cha safari za mabaharia wa Kigiriki kilichoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita kinataja bandari ya mwisho ya pwani hii kwa jina la Rhapta, mji wa mashua za kushonwa kwa kamba, wenye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mji huo ulikuwa wapi hasa bado ni mjadala wa wasomi. Mwanaakiolojia wetu, Profesa Felix Chami, ni miongoni mwa wanaoutafuta katika eneo la Rufiji.

Tunachokijua kwa uhakika zaidi ni boriti. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamejaa boriti, pau na fito kutoka kwetu. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu au Unguja utaona vyumba virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 tu. Fundi hakukosa kiwanja. Boriti ya mkoko haikuweza kubeba dari zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, miti yetu ndiyo iliyopima vyumba vya watu wa Lamu, Unguja na hata Ghuba, nchi zisizo na miti.

Mmoja wa wageni hao aliandika. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali al-Najdi, na mapema mwaka 1939 walitia nanga ndani ya delta kupakia boriti. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 aliipa sura ya Rufiji jina lenye maana ya delta ya taabu. Kwake zilikuwa mbu, tope, joto na kazi ngumu ya mabaharia. Hatumlaumu, maana tope la delta tunalijua. Lakini ni jina la mtu ambaye siku yake ya tatu alikuwa anahesabu siku za kuondoka.

Hata hivyo biashara ile ilikuwa na breki zake. Chombo kilikuwa shoka, usafiri ulikuwa mtumbwi na maji kujaa, na upepo ulipanga ratiba: kusi ikianza, nahodha aliyechelewa alibaki. Mgeni alihitaji mwenyeji wa kumwonyesha mkondo, maji ya kunywa na mchele wa safari. Miti ilikatwa, na msitu ukabaki.

Mwenyeji anapogeuzwa mgeni

Mambo yalibadilika Wajerumani walipofika. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya kikoloni iliiweka mikoko ya delta chini ya usimamizi wake, ikiwa miongoni mwa misitu ya mwanzo kabisa kuhifadhiwa katika koloni lote, na kituo cha misitu kikawekwa Salale. Shabaha ilikuwa mapato. Boriti ziliuzwa, na magome ya mikoko yalisafirishwa Ulaya kwa sababu yana dawa ya kulainishia ngozi. Kukata mti kukahitaji ruhusa na malipo ya serikali.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya uhifadhi hulipita haraka. Siku ile Salale ilipopata ofisi ya misitu, mtu aliyezaliwa Salale aligeuzwa mgeni katika msitu wa baba yake. Waingereza walipoichukua nchi waliendelea na hifadhi hiyo, na baada ya mwaka 1961 serikali yetu wenyewe ikairithi. Mpaka leo, kisheria, msitu wote wa mikoko ni hifadhi, na vijiji vyetu vya delta vimo ndani yake au vimepakana nao. Ugomvi wa mashamba ya mpunga na mipaka ya msitu ambao tumeusikia maisha yetu yote ulianzia hapo.

Ninalitaja hili kwa sababu lina somo kuhusu wageni wa aina zote. Huwezi kumtaka mtu awajibike kwa mahali ambapo umemwambia si pake. Atakuwa mwaminifu mchana na usiku atachukua shoka. Wajibu huanzia kwenye kutambuliwa.

Manowari iliyojificha

Mgeni maarufu kuliko wote alikuja bila kukaribishwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaingia mikondo ya Rufiji kujificha na kutengeneza mitambo yake. Vyuma vya mitambo hiyo vilivutwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam na kurudishwa kwa nguvu za mikono ya wapagazi wa Kiafrika. Majina ya makamanda tunayo. Ya wapagazi hatunayo.

Waingereza walifunga milango ya delta, wakaiteka Mafia mapema mwaka 1915 na kurusha ndege kutoka huko, na wakamtumia mwindaji wa Afrika Kusini, Pretorius, kupeleleza mikondo. Meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, zilishambulia tarehe 6 Julai, zikarudi tarehe 11 Julai 1915, na Königsberg ikaishia pale. Wajerumani walizing'oa bunduki zake kubwa 10 wakazitumia vita ya nchi kavu. Mzoga wa meli ulivunjwa baadaye kuwa chuma chakavu, na kilichobaki kikamezwa na tope.

Leo ukitaka kuona bunduki ya Königsberg nenda Ngome ya Yesu, Mombasa, au Pretoria. Kwa hesabu ya kiasibu, vita ile ilitumia mikondo yetu, miti yetu, chakula chetu na migongo ya watu wetu, na kwenye safu ya mapato ya delta hakuna kilichoandikwa. Hata ile historia yenyewe, ambayo watu wa mbali wako tayari kulipa kuisikia, inasimuliwa zaidi nje kuliko Salale.

Marufuku, mpango na kamba

Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchi nzima. Ukafuata mradi wa usimamizi wa mikoko, na mwaka 1991 ukatoka mpango ambao Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mhimili wake. Mpango huo uliigawa mikoko katika kanda: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kurudishiwa miti, na ya maendeleo. Pamoja na upungufu wake wote wa utekelezaji, ulikubali kwamba watu wanaishi na mikoko na wanaihitaji.

Kisha ukaja mtihani. Miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company ilileta mpango wa kufuga kamba ndani ya delta katika eneo la karibu hekta 10,000. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Wananchi wa delta hawakuwa wote upande mmoja, maana ahadi za ajira ni tamu kwa mtu asiye na barabara wala umeme. Lakini wengi walikataa, wakaenda Mahakama Kuu, na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira wakasimama pamoja nao. Mradi haukujengwa.

Tujiulize ni nani aliyeilinda hifadhi ya taifa safari ile. Ni walewale ambao sheria iliwahesabu kama wavamizi wa msitu. Walipoona msitu ni wao, waliupigania kuliko mlinzi yeyote wa kulipwa mshahara. Na waliowasaidia kutoka Dar es Salaam walikuwa wageni walioshika jembe.

Wageni wa leo

Tarehe 29 Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na ukubwa wa hekta 596,908. Ng'ambo ya mlango wetu iko Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995. Juu ya mto iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Sisi tuko katikati ya hifadhi mbili zinazopokea watalii, na tumekuwa njia ya kupitia.

Mtalii anayekwenda Mafia kumwona papa potwe huelezwa kabla ya kuingia majini: usimguse, usimzibe njia, kaa mbali naye. Anatii, maana ameambiwa na ameona sababu. Lakini hakuna aliyemwambia Nyamisati kwamba rutuba inayotoka na mto huu ni sehemu ya chakula cha bahari ile anayoikimbilia. Kwa hiyo chupa ya maji anaiacha gatini, na maji kupwa yanaichukua hadi kwenye mizizi ya mchu. Huyu simwiti mbaya. Ni mgeni ambaye mwenyeji hakumsemesha.

Tusiseme watu wa nje hawafundishiki. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na wasafiri waliotua na ndege wakatakiwa kuiacha uwanjani. Waliiacha. Agizo lililo wazi, linalosemwa mlangoni, hufuatwa.

Yuko pia mgeni ambaye tunamkwepa kumtaja: sisi tunaoishi mjini. Tunakuja Idi, Krismasi, harusini na misibani, siku mbili tatu, kisha tunarudi. Katika buti ya gari kuna gunia la mkaa ambalo hatukuuliza ni wa mti gani. Kwenye ndoo kuna kamba wadogo kama kidole cha mwisho, waliovuliwa kwa chandarua. Nyuma ya kibanda cha biashara tumeagiza boriti "kwa mtu wetu", bila kibali, kwa sababu ni nyumbani. Bei ya gunia lile ni ya kazi na usafiri. Gharama ya mti haimo, na gharama isiyoandikwa kitabuni haijafutika. Italipwa na mtu mwingine. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti yametukumbusha kwamba maji hayana mpaka na tunachohitaji ni ardhi iliyoshikwa na mizizi. Sisemi mkaa wetu ndio ulioleta mvua ile. Nasema mwambao uliovuliwa nguo hupata tabu zaidi maji ya mto au ya bahari yanapokuja.

Mahali ambapo jembe limetolewa

Tunaweza kujifunza kwa jirani. Gazi, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, akina mama wa kijiji wana daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Mgeni analipa, anatembezwa, anaelezwa mti mmoja mmoja na mtu anayeujua tangu utotoni. Kijiji hicho pia kina mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayotunzwa na msitu huo. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule, na kijiji kinajua hivyo.

Zanzibar, kisiwa cha Chumbe kimekuwa hifadhi ya matumbawe tangu mwaka 1994. Wavuvi wa eneo lile walifundishwa kuwa walinzi, na wao ndio wanaomweleza mgeni asikanyage tumbawe. Idadi ya wageni ina kikomo, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa kujifunza huko. Na katika Jozani, njia ya mbao ya mikoko ya Pete inawapitisha watalii juu ya maji, na kijiji kina sehemu katika mapato.

Katika sehemu zote tatu mgeni anapokelewa na mtu wa pale, anaambiwa kanuni na sababu zake, na fedha anayoiacha inaonekana ilipokwenda. Wajibu wake haukuletwa na kibao cha "Usifanye hivi" peke yake. Umeletwa na uso wa mwenyeji.

Jembe letu mwaka huu

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya wanachama, ili tuyajadili kwenye mkutano mkuu na kuyachangia.

Kwanza, mapokezi ya Nyamisati. Tuweke vibao vya maelezo ya delta na historia yake, na tuwafundishe vijana wachache wa vijiji vya delta kutoa maelezo ya dakika chache kwa wanaosubiri boti: majina ya miti, habari za Königsberg, na nini kisitupwe majini. Vijana walipwe, maana mwenyeji naye hula.

Pili, njia moja fupi ya mbao ndani ya mikoko, kwenye kijiji kitakachokubali kupitia mkutano wake mkuu, kwa ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu na Halmashauri. Ada iwe na risiti, na upande wa nyuma wa risiti iandikwe mgawanyo wake. Mgeni akisoma kwamba fedha yake imenunua dawati, atarudi kuliuliza.

Tatu, mgeni apande. Lakini tupande kwa elimu. Kila mti una kimo chake cha maji, na mche wa mkoko ukichomekwa mahali pa mkandaa utakufa mbele ya kamera. Wazee na maofisa wa misitu wapange mahali na majira, na anayepanda aandikishwe ili mwaka unaofuata aulizwe mti wake u hali gani.

Nne, ahadi yetu wenyewe. Mwanachama wa chama hiki asibebe mkaa wa mikoko, asinunue boriti isiyo na kibali, asinunue kamba wa chandarua. Tukiwaomba watalii waheshimu nyumba huku sisi tunaitoboa kwa nyuma, watoto wa Mbwera na Kiomboni watatucheka, na watakuwa na haki.

Fomu ya mchango iko katikati ya kijitabu hiki. Kila shilingi itakayoingia kwa kazi hizi itawekwa kwenye fungu lake, na taarifa yake itasomwa kwenye mkutano mkuu na kubandikwa kwenye ofisi za vijiji husika, ili waliobaki nyumbani wasome kabla yetu sisi wa mjini. Asiye na fedha alete mbao, mashine ya boti, ujuzi wa kuchora, au siku tatu za likizo yake.

Wazee walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi wageni wamekuja na kupona wao. Kwa jembe hili la mwaka huu, mwenyeji naye aanze kupona.